Chungu Kitakuwa Tayari Kesho: Risala ya Kina Mama wa Kimea wa Aukot

Mgeni rasmi, Daktari Amoding, mwenyekiti wa kijiji, mchungaji, mwalimu mkuu wa sekondari, wazazi, na ninyi watoto mliopanda juu ya ukuta ambao rangi yake bado haijakauka: yoga noi.

Kabla sijasoma salamu za kikundi, kikundi kimeniagiza nikiri kosa langu, kwa mdomo wangu, mbele ya kipaza sauti. Wamesema nikianza na mafanikio nitasahau. Wananijua.

Kosa ni hili. Mgeni rasmi alikuwa aje kesho, Jumapili. Siku ya Jumanne akanipigia simu, akasema, "Kaka Ojakol, ratiba imebadilika, tutafika Jumamosi." Nikasema hakuna shida. Nikaingia kazini kama mtu mwenye stashahada yake. Nikamwambia mwenye turubai na viti. Nikamwambia mwalimu wa kwaya. Nikawaambia polisi. Nikamwambia mzee anayepitisha ng'ombe wake hapa uwanjani kila mchana, akakubali leo awazungushe kanisani. Hata yule mbuzi tuliyemla, nadhani aliambiwa, maana tangu Jumatano alikuwa hali vizuri. Mtu mmoja tu sikumwambia. Naye ni Bibi Anyait, mwenyekiti wa kikundi chetu, mama mzazi wa mgeni rasmi, ambaye siku zote hizo alikuwa nyuma ya nyumba yake akiandaa chungu cha ajon, pombe yetu ya ulezi, ili kiwe tayari Jumapili.

Alijua jana asubuhi, alipokwaruzwa masikio na viti vikishushwa.

"Ojakol, hivi viti ni vya nani?"

"Vya mgeni, mama."

"Mgeni wa kesho kutwa?"

"Wa kesho."

Nikaanza kuhesabu viti ambavyo nilikuwa nimeshavihesabu. Kisha akauliza, taratibu tu, "Na chungu umekiambia?"

Chungu nilikuwa sijakiambia. Tukajaribu kukibembeleza. Tulikisogeza juani, tukakizungushia blanketi, na juu ya blanketi liko koti langu la suti, ndiyo maana mnaniona nimesimama mbele ya mgeni rasmi na shati tupu kama muuza mafuta ya taa. Koti liko kazini. Mama Amuge, mweka hazina wetu, akasema tuchukue ajon iliyokwisha kuiva kwake, tuimimine tu, nani atajua. Bibi Anyait akamjibu, "Mtoto atajua." Basi. Leo alfajiri ametia kidole chunguni, akaonja, akasema neno moja: "Kesho."

Kosa ni langu, mgeni rasmi, si la chungu wala la mama yako. Sasa naomba nisome.

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa Kikundi cha Kina Mama wa Kimea, Aukot, tunakukaribisha katika uzinduzi wa banda letu la kukaushia kimea, ambalo umelifungua muda mfupi uliopita kwa kukata utepe. Mkasi uligoma kidogo. Ni mkasi wa fundi cherehani, haujazoea sherehe.

Tunaomba radhi kwa kukuita mgeni. Kwenye kikao cha maandalizi, tulipopitisha jina lako, mwenyekiti aliuliza, "Huyo mgeni rasmi ndiye nani?"

Nikamjibu, "Amoding."

"Amoding amekuwa mgeni lini?"

Nikamweleza kwamba hicho ni cheo cha siku moja tu, kama ubwana harusi. Akafikiri, akasema, "Haya, andika. Lakini chai asiwekewe kwenye vikombe vya wageni."

Ndiyo maana meza kuu nzima imekunywa kwenye vikombe vya udongo vyenye maua, na wewe umeletewa kikombe cha bati kilichokatika mpini. Mheshimiwa diwani ameniuliza kwa jicho kama tumekudharau. Hatujakudharau. Ni chako. Kilikuwepo.

Tunamkaribisha pia binti yako Elsie, mwenye miaka mitatu, ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga Aukot. Tangu saa nne ameshawafukuza bata, amepoteza kiatu kimoja, na amekutwa kwenye turubai la kimea akila kwa mikono miwili. Tunakutoa wasiwasi, kimea kikikauka ni kitamu kama sukari, kila mtoto wa hapa amekiiba. Ila huyu hakuiba. Huyu alikaa katikati kama mwenye shamba. Bibi Anyait aliposikia vicheko aliuliza kuna nini, tukamwambia, akasema, "Mwacheni." Alisema hivyo mara tatu na hakuna aliyekuwa akimgusa.

Jina la Elsie ni zuri. Ni jina la hati ya kusafiria. Tutalirudia mbele.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kikundi hiki hakikuanza kwa sababu ya biashara. Kilianza kwa sababu ya kidole.

Hapa mtoto akizaliwa, bibi yake huotesha ulezi wa mtoto huyo. Huuloweka, huufunika, hungoja uchipue, huukausha, na kimea hicho ndicho kinachoingia kwenye chungu cha ajon ya jina. Siku ikifika bibi huchovya kidole, humpa mtoto anyonye, na kutaja jina la mtu wa ukoo. Mtoto akitema, si lake. Linatajwa jingine. Akimeza, ndilo, na tangu saa hiyo yule mtoto ana mahali pa kukaa hata akiwa mbali.

Miaka ile ya bunduki, ng'ombe walipoisha na sisi tukasukumwa kambini, watoto walizaliwa na ulezi wa kuotesha haukuwepo. Wakapewa majina kwa maji. Wengi mliokaa hapa mbele ni watoto wa maji, msijifanye mnatazama simu. Wewe pia, mgeni rasmi. Tulikuita jina la muda, ambalo sitalitaja kwenye kipaza sauti, maana lilikuwa la mchezaji mpira.

Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba bibi yako, marehemu, mama mkwe wake Bibi Anyait, alikuwa ameshona ulezi mwekundu ndani ya mto wake wa kulalia. Tulilala njaa, naye amelaza kichwa juu ya mbegu, hakusema. Tuliporudi nyumbani, akaukata ule mto kwa kisu, akapanda. Mavuno ya kwanza hayakupikwa hata ugali wa kuonja. Yote yalioteshwa. Yeye na Bibi Anyait, wawili tu, kwenye kibanda kisicho na mlango. Mimi nilikuwa kijana wa kuchota maji, na nakumbuka tuliambiwa tusipite karibu tukipiga kelele, kana kwamba ndani kuna mzazi.

Halafu wakaitisha watoto wote wa maji. Mlikuja mmepanga mstari, wengine wana miaka minne, mitano, wengine meno yameng'oka yakaota mengine. Kwa kawaida kidole hunyonywa na kichanga ambaye hajui kinachoendelea. Ninyi mlikuwa mnajua na mna maoni. Ilipofika zamu yako, bibi yako akachovya, akataja jina la kwanza. Ukatema. La pili, ukatema, ukamtemea mchungaji, ambaye yupo hapa na amekusamehe. La tatu akasema, "Amoding." Ukauma kidole. Ukauma hadi tukasikia. Bibi yako hakukitoa, alisimama tu machozi yanamtoka, na wewe ukiwa umekiuma vilevile ukameza.

Mama Amuge aliyekuwa nyuma akasema, "Huyu ndiye Amoding kweli, hata yule wa kwanza aliuma watu."

Alama ile ilibaki kwenye kidole chake mpaka tunamzika. Alikuwa akiwaonyesha wageni.

Siku ile wanawake wengine waliona kwamba hawakuwa na kimea chao, na kwamba hawakutaka tena mtoto yeyote wa Aukot apewe jina kwa maji. Wakaomba wafundishwe. Ndicho kikundi hiki. Kukodi shamba, kuuza kimea sokoni, kufungua akaunti, mimi kuletwa niwe katibu kwa sababu mume wa kila mtu alikuwa anataka kuwa katibu, hayo yote yalikuja baadaye.

TULIYOYAFANYA

La kwanza ni uji. Mama akipika uji mzito mtoto anaukataa, akiupika mwepesi mtoto anashiba maji. Sisi tunapika ule mzito, tunauacha upoe kidogo, tunatia kijiko kimoja cha unga wa kimea, tunakoroga. Kabla hujamaliza kuimba wimbo mmoja, uji umelegea wenyewe, umekuwa mwepesi na chakula chote kimo ndani, tena una utamu ambao hakuna aliyeutia. Kisha tunaurudisha motoni uchemke. Muuguzi wa kituo cha afya sasa anawatuma kina mama kwetu. Watoto waliokuwa wanabebwa mgongoni wakiwa na mwaka na nusu kwa sababu miguu haina nguvu, wengine ndio hao juu ya ukuta. Shukeni huko.

La pili ni sekondari. Mwalimu wa biolojia huja kuchukua kimea kwa ajili ya wanafunzi wake. Wanapika uji wa wanga, wanadondosha ayodini, unakuwa mweusi kama usiku. Wanatia kimea kwenye uji mwingine, wanangoja, wanadondosha tena ayodini, na weusi hautokei. Wanga umegeuka sukari. Mwaka jana hakukuwa na weusi kwa sababu nyingine: mwanafunzi mmoja alikunywa jaribio. Mwalimu alipouliza uko wapi uji wa kundi la tatu, kijana akasema, "Umeshageuka, mwalimu."

La tatu ni hili banda. Wewe ulitafuta fedha za mabati, sisi tukafyatua matofali. Kimea chetu hakitanyeshewa tena.

Na la nne si mafanikio yetu, ni yako, ila tunalihesabu. Ulipopata udaktari wako kule Uskochi ulimtumia mama yako picha ya punje moja ya shayiri iliyokatwa katikati, imekuzwa hadi inaonekana kama papai. Ukamweleza kwa simu, mimi nikiwa nimeishika, kwamba punje ikilowa, kijusi kilichomo ndani kinapeleka habari kwenye ngozi ya ndani, na ngozi inatoa dawa ya kuvunja wanga, ili kile kichanga kipate cha kula kabla hakijapata mizizi wala jani. Bibi Anyait alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo umevuka bahari kwenda kuangalia kilicho chini ya gunia langu?"

Ukacheka, ukasema, "Ndiyo, mama."

Akasema, "Mbona ungefunua tu."

Halafu alikata simu, tuseme nilimkatia. Akaniuliza, "Hicho kichanga cha ndani, amesema kinakula nini?" Nikamwambia kinakula akiba aliyowekewa na mama yake. Akasema, "Aha." Picha ile iko ukutani kwake, chini ya kalenda. Kalenda ni ya mwaka ambao wewe ulikuja mara ya mwisho. Haijabadilishwa.

YANAYOTUSUMBUA

Kuku wanatusumbua. Tunajua si jambo la kumwambia daktari, lakini kikao kilipitisha.

Mbegu inatusumbua zaidi. Ule ulezi mwekundu wa kwenye mto haupo tena. Ulikuja mwingine unaokomaa upesi, ukatushawishi, na ule wa zamani ukaachwa shamba kwa shamba, kila mtu akidhani jirani anao. Siku tulipoulizana, hakuna aliyekuwa nao. Huu wa sasa ni mzuri kwa ugali, ila ukiulowesha hauamki pamoja. Punje moja imeshachipua, nyingine inajigeuza, ya tatu inauliza saa ngapi. Ukingoja wavivu, waliowahi wameshakuwa majani. Ajon yake inanyweka, hatukatai. Lakini wazee wakivuta mrija wanainua kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa, kisha wanaendelea na mazungumzo.

Vijana nao. Mabinti tuliowafundisha wameolewa mbali au wako Kampala wanauza nguo. Kazi ya kimea inataka mtu anayelala nyumbani. Huwezi kukiwekea saa, huwezi kumwambia jirani akuangalizie, lazima uinue gunia mwenyewe, utie mkono, usikie joto, ufunike tena. Wanaotia mkono sasa ni walewale waliotia wakati ule, na magoti yao yanapiga kelele kuliko kwaya.

Kulikuwa na jambo jingine hapa. Mwenyekiti alisomewa rasimu ya risala hii, na nilipofika kwenye aya hii akasema, "Futa." Nikafuta. Kwa hiyo risala hii haisemi chochote kuhusu macho ya mtu yeyote. Haisemi kwamba tangu mvua za mwaka jana kuna mtu ambaye hujua kimea kimefika kwa kukigusisha mdomo wa juu. Haisemi kwamba asubuhi ulipowasili alikushika uso kwa mikono miwili, akaupitishia vidole taratibu, paji, nyusi, mashavu, na wewe ukadhani ni furaha tu. Ilikuwa furaha pia.

Mwenyekiti, usinitazame hivyo. Najua ni mimi unayemtazama, ingawa mimi niko upande huu.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba mashine ndogo ya kusaga, ya mafuta, siyo ya umeme, maana umeme wa hapa nao unalowekwa kwanza.

Tunaomba ulezi wetu. Tumeambiwa kwamba zamani wataalamu walipita huku wakichukua mbegu, kiganja hapa, kiganja pale, na kwamba huko duniani kuna vyumba vya baridi ambamo mbegu za watu zimelala kwenye pakiti. Hatujui kama wa kwetu umo. Wewe unajua pa kuuliza. Hatutaki gunia. Ulitosha kwenye mto, utatosha kwenye bahasha. Ukiupata, uuambie tu kwamba nyumbani watu bado wapo.

Ombi la tatu linamhusu Elsie, na lilitupa kikao kirefu kuliko yote.

Kwa desturi, mtoto ni wa ukoo wa baba, na kidole ni cha bibi mzaa baba. Baba yake Elsie ni Bwana Calum, mtu mwema, tumezungumza naye kwa simu, Kiingereza chake kinahitaji kutwangwa kwanza. Kikao kikaniagiza nimuulize kama kwao kuna kidole. Akasema mama yake alifariki, na kwamba kwao mtoto hupewa jina kwa maji. Nilileta jibu hilo kikaoni. Mama Amuge akasema, "Maskini, nao walikuwa kambini?"

Basi tukakubaliana kwamba kwa kuwa ukoo wa baba umetoa ruhusa, na mwenye nafasi hayupo, kidole cha bibi mzaa mama kitakaimu. Limeandikwa na limepigiwa kura. Bibi Anyait alijizuia kupiga kura kwa sababu ya maslahi. Lakini siku hiyohiyo jioni tulimwona anapepeta ulezi.

Mgeni rasmi, hiyo si mara yake ya kwanza kupepeta. Elsie alipozaliwa, mlisema mtakuja Krismasi, akalowesha. Hamkuweza. Kile kimea kilikwenda kwenye uji wa watoto wa jirani. Mwaka uliofuata mkasema Pasaka, akalowesha. Mtoto akaumwa sikio. Uji tena. Mara ya tatu ilikuwa ni mkutano wako. Watoto wa jirani sasa wana afya kupita kiasi, ndio wale waliovunja benchi. Kila mara aliniambia tu, "Andika pole, mwambie kimea hakikuharibika."

Mara hii mmekuja. Mtoto yupo, kidole kipo, majina yapo, mama yako anayo matatu tayari, ametukatalia kuyajua. Kilichokosekana ni siku moja, na siku hiyo niliipoteza mimi.

Ratiba, ambayo niliichapa mwenyewe, inasema: "Saa kumi kamili, mgeni rasmi kuondoka kwenda Mbale, hotelini." Sasa inakaribia saa kumi. Tumeona gari limeshawashwa. Tumesikia pia, kutoka kwa mtu tusiyemtaja ila ndiye anayekula muwa kwenye usukani, kwamba kesho mchana kutwa hamna kazi yoyote, mtapumzika kwenye bwawa la kuogelea, na ndege ni keshokutwa usiku.

Kwa hiyo ombi letu la mwisho, ambalo halikujadiliwa kwenye kikao na halimo kwenye nakala aliyosomewa mwenyekiti, ni hili. Tunaomba ulale hapa usiku mmoja.

Jana nilimwuliza mama yako kwa nini hakuombi mwenyewe. Akasema, "Akilala kwa kuombwa, atakuwa amelala ugenini. Nyamaza, Ojakol."

Nikamwuliza, "Sasa mbona godoro la chumba cha nyuma liko juani?"

Akasema, "Lilikuwa na unyevu."

Godoro hilo, mgeni rasmi, limekuwa na unyevu kila ulipotaja kuja. Limekuwa na unyevu hata kiangazi. Neti iliyo juu ya kitanda ni mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Kuna kunde alizozitia maziwa ya mgando kama unavyozipenda, ziko kwenye sufuria chini ya kapu, hazikuletwa meza kuu mchana kwa sababu, alisema, hizo ni za usiku. Kuna kijiti cha muhogo amekichonga mwenyewe kiwe mwanasesere, pua iko pembeni kidogo, tumekubaliana kwamba hatutaitaja pua.

Hatuombi wiki. Chungu kinaomba usiku mmoja tu. Asubuhi tutaondoa koti langu na blanketi, yeye atatia kidole, mtoto atatema au atameza au atauma, na saa nne mtakuwa barabarani, bwawa litakuwa bado lina maji.

Hapa kwenye karatasi yangu nimeandika: "Ngoja kidogo."

Naona unamtazama mama yako. Yeye anatabasamu kuelekea kwenye kwaya.

Naona Elsie amelala begani kwake, na mdomo una unga.

Basi naendelea. Najua utaratibu. Mgeni rasmi hajibu risala mpaka isomwe yote na kwaya iimbe. Tunaiomba kwaya iimbe beti mbili tu.

TUNAWAOMBEA

Mungu ainyooshe njia yako ya kwenda, na ile ya kurudi aifupishe. Akulindie macho, utuonee yale ambayo sisi hatuyaoni tena. Amjalie mtoto huyu asiisahau ladha aliyoilamba leo, hata akiwa mahali pasipo na mtu wa kumtajia jina lake. Ampe mama yako mvua za wakati, na mkono wa kuinua gunia. Na ninyi nyote watatu, awape usingizi mwema, popote mtakapolala.

Eyalama noi, asanteni sana.

Ni sisi, Kikundi cha Kina Mama wa Kimea, Aukot.

Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Ojakol, ambaye koti lake atalifuata kesho.

Na wewe dereva, ndugu yangu, tunakuomba uzime gari.